Nuru Isiyo na Taa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshinda na picha moja kwenye simu. Nimeikuza mpaka ikagoma kukua tena. Binti mdogo ameketi peke yake ukingoni mwa kidimbwi, ndani ya msitu mzito wa Uswidi. Nywele zake ni ndefu, mwili wake mweupe hauna nguo, na macho ameyainamisha majini. Nyuma yake vigogo vya miti vimesimama kama ukuta. Nimetafuta mwezi, nimetafuta taa au hata ukuni unaowaka, sikuona. Na bado mtoto yule anang'aa. Mchoraji hakutuambia nuru inatoka wapi. Ameiweka tu juu ya mtoto.

Aliyeichora mwaka 1913 ni John Bauer. Binti anaitwa Tuvstarr, jina la majani fulani yaotayo kwenye majimaji. Katika hadithi yenyewe alikuwa binti wa mfalme, akatoka kwenda kuuona ulimwengu akiwa juu ya mgongo wa mnyama mkubwa wa kaskazini mwenye mapembe mapana. Njiani viumbe wa msituni wakamnyang'anya taji, kisha vazi. Akabaki na kidani cha dhahabu chenye umbo la moyo, na hicho nacho kikamponyoka shingoni kikazama kidimbwini. Akaketi kukitafuta kwa macho. Mpaka leo ameketi.

Bauer alizaliwa mwaka 1882 mjini Jönköping, kusini mwa ziwa Vättern. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Bavaria, Ujerumani, akifanya biashara ya nyama na soseji, na familia iliishi ghorofani juu ya duka. Kijana akapenda msitu kuliko duka. Misitu ya jimbo lao la Småland ina majabali makubwa yaliyoachwa na barafu ya zamani, nayo yamevikwa zulia la vimea vya kijani, na jioni ukilitazama jabali moja kwa muda mrefu, unaanza kuliona pua. Humo ndimo yalimotoka mazimwi aliyoyachora. Kuanzia mwaka 1907 alichorea kitabu cha hadithi za watoto kilichotoka kila Krismasi, akaendelea hadi 1915, isipokuwa mwaka 1911, alipokataa mpaka haki ya kazi zake itambuliwe kuwa yake. Nampenda kwa hilo pia.

Lakini yatazameni mazimwi yenyewe. Sisi tumelelewa na zimwi la kutisha, lile ambalo hata likikujua halikuli likakwisha. Ya Bauer ni mazito na mapole, mapua yakining'inia, mikono haijui iwekwe wapi. Katika picha moja ya mwaka 1915, mama zimwi anawaleta wanawe mbele ya binti mdogo mwenye gauni jeupe ili awaone walivyo wazuri. Wao ni wakubwa kama nyumba. Yeye hafiki hata magotini mwao, wala hakimbii. Nuru yote ya karatasi ile iko kwake. Bauer aliichora hali hiyo mara nyingi mno: giza kubwa, na katikati yake kitu kidogo cheupe ambacho giza limeshindwa kukila. Sijui mhubiri aliyeifafanua Yohana 1:5 vizuri zaidi kwa rangi: "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza."

Sasa nifike pale palipoufanya moyo wangu uwe mzito wiki hii.

Mwaka 1918 Bauer alikuwa na umri wa miaka 36. Mkewe Ester, ambaye naye alisomea uchoraji na ndiye aliyekuwa kielelezo cha mabinti wake wengi wa kifalme, alikuwa amechoka na upweke wa nyumba yao ya kando ya ziwa Bunn. Ndoa ilikuwa inayumba. Walikuwa wamepata nyumba mpya karibu na Stockholm, wakaiwekea matumaini. Walikuwa na mtoto mmoja, Bengt, aliyezaliwa mwaka 1915. Nyumbani walimwita Putte.

Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, mahali paitwapo Getå, ardhi iliporomoka chini ya reli. Treni ikaanguka na kuwaka moto, watu wasiopungua 42 wakafa. Nchi nzima ikaingiwa na hofu. Basi familia ya Bauer ilipohama, waliona heri kwenda kwa maji. Mtu yeyote mwenye mtoto mdogo ataelewa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba, siku tisa tu baada ya bunduki za vita kuu kunyamaza Ulaya, wakapanda meli ndogo ya mvuke iitwayo Per Brahe katika bandari ya Gränna. Meli ilikuwa imeshiba mizigo: cherehani, majiko ya chuma, zana za shambani, na mingi ilirundikwa juu ya sitaha. Usiku ule dhoruba ikaipiga. Ilizama karibu na bandari ya Hästholmen, taa za nchi kavu zikiwa si mbali. Watu wote 24 waliokuwamo wakafa.

Nabii Amosi anamtaja mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu. Nilipousoma mstari huo tena juzi, nilifunga Biblia nikakaa kimya.

Najua kinachofuata katika mafundisho mengi. Tutaambiwa waliongozwa na hofu, laiti wangekuwa na imani wangepanda treni. Ndugu zangu, tusiseme hivyo juu ya kaburi la mtoto. Yesu alipoletewa habari za watu waliokufa vibaya, yeye mwenyewe aliongeza habari za wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama tunadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Akajibu, sivyo. Imani haimpi mtu ratiba ya vyombo vitakavyofika salama. Baba aliyemkumbatia Putte ndani ya meli ile alikuwa amechagua kwa upendo, kwa akili aliyokuwa nayo siku ile.

Niseme pia kwamba sikubaliani na anayetaka kuiona picha ya kidimbwi kama utabiri wa mchoraji juu ya kifo chake. Alichora hadithi aliyopewa kuichora. Ila mimi, nikijua yaliyofuata miaka mitano baadaye, siwezi tena kumtazama Tuvstarr bila kuuona Vättern, ziwa lile refu la maji ya baridi, na giza la usiku wa Novemba wa kaskazini. Nalirudia swali lile lile la mwanzo: nuru ile inatoka wapi?

Zaburi ya 139 nayo haitaji taa. "Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho wa bahari; huko nako mkono wako utaniongoza." Kisha inasema giza na mwanga kwake ni sawasawa. Mtunga zaburi hasemi kwamba giza halipo, wala kwamba maji hayana kina. Anasema yupo Mmoja ambaye macho yake hayahitaji tuwashiwe taa ndipo atuone. Mtoto wa chini ya sitaha anaonekana kwake kama yule binti anavyoonekana kwangu kwenye simu, mweupe kabisa, kila unywele.

Meli ilikaa chini ya maji karibu miaka minne. Mwaka 1922 ilivutwa juu, na miili ikatolewa ndani yake. John, Ester na Putte wakazikwa Jönköping, mji ule ule ambako kijana alikuwa akitazama majabali mpaka yanaota pua. Nikasoma Ufunuo 20: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Nimeusikia mstari huo misibani tangu utotoni. Wiki hii niliusoma polepole.

Tuombe.

Baba, wako watakaosafiri wiki hii wakiwa na watoto mapajani, na hawajui kama wamechagua vema. Wako pia walioketi ukingoni mwa maji ambayo hayajawarudishia mtu wao. Unawaona wote. Keti nao pale walipo. Amina.