Mililita moja, sindano nne: nilivyojifunza kumtia ganzi mtoto wa mbuzi

Mbuzi wa kwanza niliyemchoma ganzi alifia mikononi mwangu, na chuma cha kuunguzia pembe kilikuwa bado kwenye makaa. Sikuwa hata nimemgusa nacho. Alikuwa kibeberu wa siku nane, mweupe, na dakika chache kabla alikuwa akininyonya kidole.

Alianza kwa kulegea, nikadhani ndiyo dawa inaingia. Kisha macho yakaanza kucheza, midomo ikatetemeka, shingo ikapinda kuelekea mgongoni na miguu yote minne ikakakamaa. Angekuwa mtoto wa binadamu ungesema degedege. Mkobani sikuwa na diazepamu, dawa ambayo pengine ingeutuliza ule mtikisiko. Nilikuwa na pamba, iodini na chupa ya lignokeini, ile dawa ya ganzi, basi. Mzee mwenye banda aliangalia mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Bora ungemchoma moto tu, mwanangu."

Mimi ni afisa mifugo mwenye stashahada, si daktari, ingawa huku milimani kila anayebeba sirinji huitwa daktari. Nafanya kazi Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Mbuzi hawa hawachungwi. Miteremko ni mikali na kila kipande cha ardhi kina kabichi, viazi au njegere, kwa hiyo wanakaa kwenye mabanda ya mbao yaliyoinuliwa juu ya nguzo, wanakatiwa majani na kuletewa. Sasa weka majike wanne wenye pembe ndani ya banda dogo namna hiyo. Mmoja atamtoboa mwenzake kiwele. Mwingine atanasa kichwa kwenye hori usiku, asubuhi umkute amejinyonga. Ndiyo sababu tunaunguza pembe zingali vinundu, wiki ya kwanza au ya pili.

Wapo wanaouliza kwa nini tusichague tu mbuzi waliozaliwa bila pembe, maana kizazi hiki wanapatikana. Tatizo ni kwamba kwa mbuzi, kukosa pembe kumefungamana na uzazi. Ukipandisha dume asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, baadhi ya majike watakaozaliwa watakuwa huntha: si jike kamili, si dume, na hawatakamuliwa kamwe. Kwa hiyo pembe tutaendelea kuwa nazo.

Miaka yangu ya mwanzo niliunguza bila ganzi, kama nilivyofundishwa. Kijana anamkalia mbuzi, unashindilia chuma chekundu, unahesabu, umemaliza. Kelele zake zinasikika ng'ambo ya bonde. Tulikuwa tukijifariji kwamba ni sekunde chache tu, ataruka-ruka kisha atarudi kunyonya. Kilichonibadilisha ni jino langu. Niling'olewa gego, na nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, shavu limekufa kama si langu, nikasoma chupa iliyokuwa mezani: lignokeini. Dawa ya zamani kabisa, iliundwa na Nils Löfgren kule Sweden mwaka 1943, na duka la pembejeo ninalonunulia dawa ya minyoo wanayo. Nilirudi nyumbani nikiona aibu kidogo. Mimi nimepewa ganzi kwa jino moja.

Basi nikanunua chupa, na kosa langu likaanzia hapo. Ganzi ya pembe za ndama nilikuwa nimeiona chuoni: mililita tano kila upande, katikati ya jicho na pembe. Kwa mbuzi nikapunguza kwa jicho, kama mtu anayepunguza chumvi kwenye mchuzi. Mililita moja na nusu kila sindano, sindano nne. Nilijiona nimekuwa mwangalifu.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo wa wilaya jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Ulimpima?"

Sikumpima. Tukahesabu pamoja kwenye simu, mimi nikiandika nyuma ya daftari la chanjo. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita. Kipimo salama kwa mbuzi ni kama miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ndama wa kilo 40 akipata mililita 10 amepata miligramu 200, yaani 5 kwa kilo, yuko pale pale kwenye mstari. Kibeberu wangu alikuwa na kilo nne hivi. Nilimpa mililita sita, miligramu 120. Hiyo ni 30 kwa kilo, mara sita ya alichoweza kubeba. Haki yake ilikuwa mililita moja. Moja kwa kichwa kizima, sindano zote nne.

Na sindano nne ni lazima, hapo ndipo mbuzi anapomtofautia ng'ombe. Pembe ya ndama inategemea hasa mshipa mmoja wa fahamu. Ya mbuzi ina miwili: mmoja unapita nyuma ya jicho kuelekea pembe, mwingine unatokea juu ya jicho upande wa ndani, karibu na paji. Ukiacha mmoja, nusu ya kinundu inahisi kila kitu, na mbuzi atakwambia.

Sasa mililita moja utaigawaje mara nne, na sirinji yako ni ya mililita tano? Nilichofundishwa ni kuizimua. Mililita moja ya dawa na moja ya maji safi ya sindano kwenye sirinji ndogo, unapata mbili za asilimia 1, nusu mililita kila mahali. Dawa ni ile ile, ila sasa inatosha kusambaa. Kabla ya kusukuma navuta pistoni nyuma kidogo: damu ikiingia, nimegonga mshipa, natoa na kuhamisha. Kupima nilitatua kwa mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia viazi wachuuzi wa sokoni. Mtoto wa mbuzi anaingia kwenye kikapu, kichwa nje, anaelea kama abiria. Watoto wa kijiji hukusanyika kwa ajili ya hilo tu.

Kisha nasubiri, na kusubiri ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Chuma kimeshaiva, mwenye mbuzi ana shamba la kumwagilia, wewe umekaa unatazama kope. Baada ya dakika kumi hivi kope la juu huanza kushuka. Nachoma ngozi ya pembeni mwa kinundu kwa ncha ya sindano, pande zote. Akishtuka, nasubiri tena. Siongezi dawa.

Chuma chenyewe nacho kina hesabu yake. Fuvu la mbuzi mchanga ni jembamba mno kuliko la ndama, na ubongo uko hapo chini tu. Sekunde tatu au nne, natoa, naacha pumzi, narudia ikibidi. Niliwahi kuona kwa jirani mbuzi aliyeshindiliwa kama ndama. Siku ya pili alikuwa anazunguka duara moja, haoni. Ganzi haizuii hilo. Tena inaweza kukudanganya, maana hapigi kelele, nawe mkono unajisahau.

Kitu nilichochelewa kukijua zaidi ni saa zinazofuata. Ganzi hukaa saa moja, labda moja na nusu. Niliondoka mara nyingi nikiacha mbuzi anaruka-ruka, nikajisifu. Mpaka siku moja mvua ilinizuia kwa bibi mmoja pale Nyandira nikakaa mpaka jioni. Wale mbuzi niliowaacha wachangamfu walikuwa wamejikunyata kona moja, migongo imepinda, masikio yamelala, wanajikuna vichwa kwa miguu ya nyuma. Mmoja alikuwa anasaga meno. "Daktari, hao wanaumwa," bibi akaniambia. "Si uliwachoma ganzi?" Nikamjibu ndiyo bibi, imeisha. "Sasa kwani kidonda nacho kimeisha?"

Tangu hapo natoa na meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kuunguza, nusu miligramu kwa kilo, kwa maelekezo ya daktari. Kwa mbuzi wa kilo nne ni miligramu mbili tu, na dawa ya ng'ombe yenye nguvu ya miligramu 20 kwa mililita maana yake ni sehemu ya kumi ya mililita. Natumia sirinji ya insulini. Siwapi wasionyonya vizuri au waliokaukiwa maji kwa kuhara, kwa sababu figo zao hazitaiweza.

Watu huniletea diklofenaki za binadamu, nazo za kutuliza maumivu, ni rahisi na zipo kila duka. Nakataa, na huwa nawapa kisa cha tumbusi wa India, Pakistan na Nepal. Walikufa kwa wingi mno, figo zimeharibika, kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, mpaka mwaka 2006 nchi hizo zikazuia kuitengeneza kwa ajili ya mifugo. Meloksikamu ilipimwa ikaonekana haiwadhuru. Wapo wanaocheka: tumbusi wana thamani gani? Wanaocheka zaidi ndio huishia kuuliza maswali mengi.

Mwenzangu mmoja alinishauri niwalaze kabisa kwa zailazini, niache hesabu za sindano nne. Sikumfuata. Ng'ombe anahitaji takriban sehemu ya kumi tu ya kipimo cha farasi, na mbuzi ni mwepesi zaidi kulewa nayo. Kwenye baridi ya Mgeta mbuzi mchanga aliyelala anapoa haraka. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea, mwenye mahali pa kumlaza mgonjwa na kumwangalia.

Gharama haikuwa kikwazo nilichokitarajia. Chupa ya mililita 50 inahudumia mbuzi wengi, kwa kila mmoja haifiki bei ya soda. Kikwazo ni muda, na ile imani kwamba mbuzi ni mbuzi. Kwa wazee huwa naanza na jino. Karibu kila mtu ana jino lake.

Mzee wa kibeberu mweupe nilimlipa, kwa awamu mbili. Hajaniita tena kwa kazi ya pembe. Ananiita kwa minyoo na kwa majike wanaoshindwa kuzaa, tunasalimiana vizuri, na pembe anaunguza mwenyewe, bila ganzi. Sijajua namna ya kumshawishi, na sina uso wa kujaribu.

Kuhasi bado kunanisumbua. Ganzi ya korodani nayo inatoka kwenye ile mililita moja, kwa hiyo siwezi kufanya pembe na kuhasi siku moja. Napanga wiki tofauti, na wenye mbuzi wanaoishi mbali wanachukia kushuka mlima mara mbili. Wiki jana mmoja alinisubiri barabarani, badizo, lile koleo la kuhasia, begani, akaniuliza kama siwezi kuyamaliza yote leo. Nilimpima mbuzi wake mbele yake: kilo tatu na nusu. Tukafanya pembe.