Kuanika matandiko ya mama Mji wa Kale: kumbukumbu za msimu wa kaskazi

Januari

Mama huamka akipiga chafya mfululizo, macho yakimwasha, na jua likipanda anatulia. Daktari alituambia ni mzio wa utitiri wa vumbi. Ni wadudu wa ukoo mmoja na kupe, hawafiki hata nusu milimita, na chakula chao ni magamba ya ngozi tunayopukutisha kitandani. Hawaumi. Kinachomsumbua mama hasa ni kinyesi chao, ambacho hupeperuka kila akigeuza mto. Basi mwaka huu nimeazimia kuyapa matandiko yake jua la kweli, lifike mpaka ndani.

Swali lililonikalia kichwani ni hili: hewa ya Mombasa yenyewe imejaa maji, jua litakausha vipi? Utitiri hawanywi maji, huvuta unyevu wa hewani kupitia vitezi vilivyo karibu na miguu ya mbele, kwa hivyo pwani kwao ni neema tupu. Nilipokaa kupiga hesabu nikapata raha. Chukua hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70. Ikiingia ndani ya mto ikapashwa mpaka nyuzi 50, maji yake ni yale yale lakini unyevu unashuka hadi karibu asilimia 25. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 50 kwa muda, utitiri hukauka. Kumbe la kutafuta ni joto ndani ya kitambaa. Upepo mzuri peke yake hautoshi, na kuning'iniza shuka uchochoroni, ambako jua hupita mara moja likaenda zake, ni kulipunga tu.

Januari, mwishoni

Nyumba za kwetu Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, zimebanana, kwa hivyo jua ni la kufuata juu ya paa la zege. Na juu huko wapo kunguru. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa: ukitandika foronya nyeupe, hugeuki mara mbili zimeshachafuliwa. Dawa niliyoipata ni buibui kuukuu la mama. Nimelifumua mishono na kulitandaza juu ya mito, nikalikandamiza pembeni kwa matofali. Kunguru hawaupati mto, na kile cheusi kinavuta joto. Nilichomeka kipimajoto cha jikoni katikati ya mto: chini ya shuka jeupe kilisimama 41, chini ya buibui kikapita 50 kabla ya adhuhuri. Tofauti hiyo ndiyo mradi wote.

Waya wa kuanikia nimeuondoa. Hewa ya chumvi huufanya ushike kutu, na doa la kutu kwenye shuka halitoki kirahisi. Sasa ni kamba ya nailoni, nayo naifuta kwa kitambaa chenye maji baridi kila mara, maana chumvi iliyogandia ikihamia kwenye shuka huvuta unyevu usiku.

Februari

Zamu ya magodoro. La mama ni la sufi. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi anayejua mambo haya tangu utoto, alinikuta nikilitazama bomba la maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. La sufi haliogeshwi hilo. Lianike, ligeuze, kisha lichambue kwa mkono."

Na kweli. Sufi ina nta ya asili, haishiki maji upesi, na ikipata jua inafumka. Nilipotia mkono mshononi nilikuta mabonge yaliyokuwa magumu kama kokwa za embe yakiachia yenyewe vidoleni. Harufu ya uvundo ikapotea siku ile ile.

La sponji ni habari nyingine. Sponji huzuia joto, kwa hivyo juu panaungua na katikati pamepoa, na jua kali huligeuza manjano likaanza kumomonyoka. Hilo nalianika kwa muda mfupi likiwa limefunikwa, kisha nalivalisha mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, wenye zipu.

Ratiba iliyonikaa: kupandisha saa nne umande ukishakauka, kugeuza adhuhuri, kuanua saa tisa. Ukichelewa hadi magharibi, pamba inarudia kunywa unyevu.

Machi

Jua sasa ni la utosi. Nimepandisha zulia pia, kifudifudi. Mwaka 1994 Tovey na Woolcock, watafiti wa Sydney, walionyesha kwamba mazulia yakianikwa juani utitiri wote wanaweza kufa, na hilo lilinipa moyo wa kulibeba ngazi zote zile.

Lakini utitiri akifa, kinyesi kinabaki. Kwa hiyo baada ya jua nakung'uta upande wa upepo, mama akiwa chini, na mashuka nayafua kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Kinyesi hicho huyeyuka majini na kuondoka. Kunguni ni vita tofauti: hujificha kwenye viungo vya kitanda, ambako jua la paani halifiki.

Chafya za mama zimepungua sana, na usiku analala bila kuamka. Masika yanakaribia na nimebakiza mito ya sebuleni. Nitaimaliza wiki hii kabla mawingu hayajashuka, halafu kazi ya mvua itakuwa kushona mifuko ya zipu ya mito yote.