Reli ya zege ya Beauce

Treni ya kutoka Paris kwenda Orléans ikishapita Artenay, dirishani hujitokeza kitu kisichoeleweka: njia nyembamba ya zege iliyobebwa juu ya nguzo, inakatiza mashamba ya ngano ya uwanda wa Beauce kilomita baada ya kilomita, na juu yake hakipiti kitu. Wenyeji wala hawaitazami. Nilipofika kusoma Orléans mwaka 2011 nilidhani ni mfereji wa maji. Baadaye nikajiambia ni mradi ambao mkandarasi kala hela katokomea. Kwa mtu aliyekulia Morogoro, hilo ndilo jibu la kwanza kuja kichwani.

Aliyenitoa tongotongo ni mzee aliyenipangisha chumba, mkulima mstaafu, mgane, mbishi kuliko watu wote niliowahi kukaa nao nyumba moja. Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012 Wafaransa walikuwa wanapiga kura duru ya kwanza ya urais. Mzee akarudi kutoka kituoni kanuna. Nikamuuliza kampigia nani, akasema wote ni walewale, kisha akachukua ufunguo wa Renault yake kuukuu.

"Twende nikuonyeshe rais mpya huanza kazi na nini."

Tukatokea kaskazini mwa mji, tukapita Saran na msitu wa Cercottes mpaka maeneo ya Chevilly, akaegesha kando ya njia ya matrekta. Ile njia ya zege ilikuwa juu yetu, kama mita tano kutoka ardhini. Kwa karibu haikuwa na ukuu wowote. Maji ya mvua yalikuwa yamechora michirizi myeusi chini ya boriti, kuna mahali zege limebanduka na nondo zinaota kutu, na vijana wamejaza rangi kwenye nguzo mpaka pale mkono wao ulipofika. Mwenye shamba alikuwa amelima hadi kwenye tako la nguzo. Ngano changa ilipita chini ya boriti ikaendelea upande wa pili kana kwamba hakuna lolote.

"Umeona?" Mzee akaonyesha ngano, si zege. "Yule bwana alilifikiria hata hili."

Yule bwana ni Jean Bertin. Nilikuwa nalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na nilipowauliza wenzangu chuoni wiki ile hakuna aliyelifahamu. Alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha mkoa wa Yonne, akasoma Polytechnique, chuo kikubwa cha uhandisi, akafanya kazi kwenye injini za ndege kabla ya kuanzisha kampuni yake katikati ya miaka ya 1950. Wazo lake lilikuwa treni inayokimbia bila magurudumu. Hewa inasukumwa kwa nguvu chini ya behewa, nyingine inasukumwa ubavuni mwa ukuta mfupi uliosimama katikati ya njia, ile herufi T iliyopinduliwa ambayo ukiwa chini huioni vizuri. Behewa linanyanyuka kidogo tu, kama mfuniko wa sufuria unavyonyanyuliwa na mvuke, na msuguano unakwisha. Uzito nao unatandazwa mahali papana badala ya kukandamiza pale gurudumu linapogusa, hivyo njia inaweza kuwa nyepesi na kuwekwa juu ya nguzo, mkulima akaendelea na ngano yake. Akaiita Aérotrain.

Majaribio yalianzia Gometz-la-Ville, kusini-magharibi mwa Paris, kwenye njia ya kilomita 6.7 na chombo cha nusu ya ukubwa. Mwaka 1967 kilifika kilomita 345 kwa saa. Serikali ikatoa fedha za njia hii tuliyosimama chini yake, kilomita 18 kutoka Saran hadi Ruan, ikamalizika mwaka 1969. Ilikusudiwa iwe kipande cha kwanza cha Paris–Orléans. Behewa lake, I80, lilikuwa la abiria 80. Kwanza lilisukumwa na rafadha kubwa nyuma, baadaye wakalifunga injini ya ndege aina ya JT8D, zilezile zilizokuwa kwenye Boeing 737 za mwanzo za Air Tanzania. Tarehe 5 Machi 1974 likafika kilomita 430.4 kwa saa, rekodi ya dunia kwa chombo cha ardhini kinachoelea juu ya hewa.

Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akilima na baba yake si mbali na hapo. "Unasikia mlio, unainua kichwa, chenyewe kimeshakupita. Mbwa wetu aliuzoea. Mama hakuuzoea kamwe."

Halafu akaja kwenye hoja yake, na sauti ikapanda. Rais Pompidou alifariki Aprili 1974. Giscard d'Estaing akachaguliwa Mei. Tarehe 21 Juni mkataba wa kujenga njia ya Aérotrain kati ya Cergy na La Défense, pembezoni mwa Paris, ukatiwa saini. Tarehe 17 Julai ukafutwa.

"Hata mwezi haukutimia!" akapiga nguzo kwa kiganja. "Wino haujakauka! Na Bertin akafa mwaka uliofuata. Walimuua."

Bertin alifariki Desemba 1975, kwa saratani, akiwa na miaka 58. Sikumrekebisha. Akaendelea: majaribio yalikoma mwishoni mwa 1977, behewa likabaki limefungiwa bandani, na mwaka 1992 likateketea kwa moto. Behewa jingine la majaribio, S44, lilikuwa limeungua Gometz mwaka uliotangulia. Mzee hakuamini kabisa kwamba moto hutembelea watu wawili kwa bahati. Kisha ikaja barabara kuu ya A19, njia ikakatwa kipande ili magari yapite.

Mpaka hapo ningeweza kunyamaza, tukaenda kula. Lakini mjomba wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, na mimi nimekua nikimsikia akilalamika juu ya reli zisizokutana. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, Reli ya Kati ya zamani 1,000, na kwa sababu ya milimita 67 hizo mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine unahamishwa Kidatu. Nikamwambia Mzee: chombo cha Bertin kisingeweza kuingia hata stesheni moja iliyopo. Kingehitaji njia yake mwanzo hadi mwisho, na kusogeza boriti za zege ili uhamie njia nyingine si sawa na kuhamisha reli za chuma. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa inayotembea kwenye reli, ikifika mwisho wa njia yake ya kasi inashuka kwenye reli ya kawaida na kuendelea hadi katikati ya mji. Isitoshe, mafuta yalikuwa yamepanda sana tangu mwishoni mwa 1973, na hiki chombo kilikuwa kinakunywa mafuta ya ndege. TGV wao waliihamishia kwenye umeme.

Mzee akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Haya. Na reli ya hiyo TGV yako ilipita wapi?"

Nilijua. Ilikwenda magharibi, Le Mans na Tours. Orléans, mji uliokuwa uwe wa kwanza Ufaransa kufikiwa kwa kasi hizo, ulibaki na treni ya saa nzima hadi Paris.

"Basi," akasema. "Wao walichagua vizuri, sisi tukabaki na nguzo."

Hapo alinibana, nakiri. Lakini ubishi wa kwetu hauishi kirahisi, nikamuuliza nauli ya Aérotrain ingekuwa kiasi gani, na injini ile, na mkulima kama yeye angeipanda mara ngapi.

Akaniangalia, akafungua mlango wa gari.

"Wewe," akasema, "ungefaa kuajiriwa wizarani."