Mita Yangu Iliyovutika

"Mama, shusha pumzi. Usiingize tumbo ndani."

Nilikuwa nimeliingiza, kweli. Mimi ni mshonaji, na maneno hayo huwaambia wateja kila siku. Zamu yangu ilipofika, nikafanya ujanja uleule.

Ilikuwa 2019, katika kituo kimoja cha afya upande wa Nyawera, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aliyenipima presha ndiye aliyenituma kwa huyo binti, mtaalamu wa lishe. Kabla ya hapo nilikuwa nimekunywa majani ya kupunguza tumbo, ya sokoni Kadutu: siku nne za kukimbilia choo, kilo tatu zikaondoka, na wiki moja baadaye zote zikarudi. "Yalikuwa maji tu, mama," aliniambia.

Mzani ulisema kilo 94. Kiuno, sentimita 112. Hapo nikakataa, maana asubuhi ileile nilijipima nyumbani nikapata 109. Nikatoa mita yangu mkobani, tukazilaza mbili sambamba juu ya meza. Yangu ya kitambaa, iliyoning'inia shingoni miaka kumi na moja, ilikuwa imevutika: 109 yangu ililala palepale penye 112 yake. Binti alicheka. Mimi nilicheka nusu, kwa sababu vitambaa navikata kwa rula ya mbao, na rula haivutiki. Niliwakumbuka wanawake waliorudisha magauni wakisema yanabana. Wote niliwajibu, "Mama, si umenenepa?"

Akaniambia kwamba kwa mwanamke, kiuno kikipita 88 hatari ya sukari na moyo inakuwa kubwa. Lakini 88 hakuniagiza. Alitaka kwanza kilo tano, nusu kilo kwa wiki, basi.

Kisha akauliza sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, naiwekea mafuta ya mawese kiasi gani.

"Ya kutosha," nikasema.

Akaniletea maji kwenye jagi, upawa na sufuria. "Mimina kama unavyomimina nyumbani." Nikamimina pawa mbili bila kufikiri, mkono unajua wenyewe. Akachukua kijiko cha mezani, akaanza kuyachota yale maji akihesabu kwa sauti. Alifika 14. Kwetu tunakula watu watano, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anameza karibu vijiko vitatu vya mafuta, na kila kijiko kina kalori kama 120. Hapo bugali haujaguswa.

Nilikuwa nimejiandaa kunyang'anywa bugali. Hakuninyang'anya. Alikunja ngumi yangu mwenyewe akasema, "Kipimo chako hiki hapa." Nusu ya sahani iwe lengalenga au kabeji, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ziwe za mchuzi badala ya kukaangwa, na sombe ibaki, ila kwa vijiko sita kwa sufuria nzima. Sukari ya chai tuliishusha polepole, kutoka vijiko vinne hadi kimoja. Hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Kurudi Kadutu nikaacha pikipiki, nikapanda kwa miguu. Mtu wa Bukavu hana haja ya kulipia mazoezi, mlima uko mlangoni.

Mama mkwe alionja sombe ile akaweka kijiko chini. "Hii ni ya mgonjwa." Baada ya miezi mitano, nilipofika kilo 86, majirani sokoni nao wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Kwetu ukikonda, watu wanahesabu siku zako. Kuna mmoja alinipa dola tano za dawa. Nilimrudishia, hakuniamini.

Mita ya zamani niliitupa siku ileile ya kupimwa. Mteja wa kwanza kurudi baada ya hapo alikuwa mama mmoja wa Bagira, gauni la harusi begani, macho chini. Alianza mwenyewe: "Najua, Mama Furaha, nimenenepa tena."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Lete hapa." Nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono wa ubavuni, bure.