Tulivyobaki Kwetu: Minazi ya Babu na Karatasi Tuliyokataa Kuitia Sahihi

Notisi tuliikuta imepigiliwa misumari kwenye mkorosho wa mama, Jumatatu asubuhi, mwaka 2018. Siku 14 tuwe tumehama, miji (yaani maboma ya kifamilia) arubaini na kitu, eneo lote kutoka barabara ya Mombasa–Malindi hadi kwenye mikoko. Mama hajui kusoma. Aling'oa misumari kwanza, akapaka majivu pale ganda lilipochanika, ndipo akaniita nimsomee.

Siku ya tatu akaja mtu wa mwenye shamba. Alikuwa na gari kubwa na maneno matamu. Aliwakusanya wazee chini ya mwembe akawaambia bosi wake hana ubaya na mtu, anataka tu tuandikishwe. Kila mji ulipe shilingi mia kwa mwaka, tutie sahihi, tutaachwa tukae mpaka mazungumzo yaishe. Wazee walifurahi. Ami yangu mkubwa alikuwa ameshapokea kalamu.

Mimi mia ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mia moja kwa mwaka haitoshi hata mafuta ya gari lile kutoka Malindi. Mtu anayekuja na gari la mamilioni kudai mia hataki mia, anataka sahihi. Nikamshika ami mkono, nikamwambia, "Ami, nipe siku moja tu, nami nakuomba kwa heshima yote." Alinikasirikia mbele za watu, lakini kalamu aliirudisha.

Kesho yake nilikuwa Malindi kwa mawakili wanaosaidia watu bure, na hapo nikaelewa tulivyoponea chupuchupu. Sheria ya Kenya inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine yenye hatimiliki kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa na bila kuvunja amani, anaweza kwenda kortini kuomba iandikwe jina lake. Neno zito hapo ni "bila ruhusa". Ukishatia sahihi kwamba unakodishiwa umekiri kuwa uko pale kwa hisani ya mwenyewe, na ile miaka yako inakwisha nguvu. Mia moja ingetununua sote, pamoja na makaburi yetu.

Ushauri mbaya tulioupata ungejaza gunia. Mmoja, tena mtu mwenye cheo, alituambia kwamba kampuni ya huyo mwenye shamba imenunua juzi tu, kwa hiyo miaka yetu inaanza kuhesabiwa upya. Si kweli: shamba kubadilisha mwenyewe hakukatizi miaka ya anayelikalia. Mwingine akasema tupokee fidia tukaanze maisha pengine. Fidia yenyewe ilikuwa kama elfu thelathini kwa mji. Hivi mnazi mmoja unauza nini kwa miaka hamsini? Na kuna waliotaka matingatinga yakija tuyachome. Hao niligombana nao sana, maana walikuwa vijana wetu wenyewe na uchungu wao niliujua.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ardhi imeandikwa nani. Tulienda ofisi ya usajili wa ardhi, tukalipa ada, kama mia tano hivi. Hilo msiliruke, kwa sababu kama ardhi ni ya serikali hiyo miaka 12 haina kazi na njia ni nyingine kabisa. Yetu ilikuwa na hatimiliki ya mtu binafsi tangu enzi za mkoloni. Babu alitusimulia habari hiyo tukiwa wadogo: mwaka 1908 ilitoka sheria ya kutaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa maili 10 wa Pwani ajiandikishe, na Wamijikenda wengi, yaani sisi wenyeji wa Pwani, hawakuandikishwa. Walilala wenyeji, wakaamka maskwota, watu wa kukalia ardhi ya wengine. Ile familia iliyoandikwa kwanza kwenye hati ya ardhi yetu hatukuwahi kuiona hata siku moja ikija kuokota nazi.

Halafu tukakosea. Nasimulia kwa kirefu kwa sababu naona vijiji vingine vinarudia kosa hilohilo. Tulimwendea mwandishi wa barua mjini, akatuandikia hati za kiapo, mia tatu kila moja, miji yote. Nilizibeba kwenye kikapu nikijiona nimemaliza kazi. Wakili alisoma tatu, akaweka miwani mezani. Zote zilikuwa na maneno yaleyale: tumeishi hapa tangu enzi za mababu. Akaniambia, "Dada, enzi si tarehe. Jaji anataka tarehe." Zaidi ya elfu kumi za wachuuzi wa samaki na wagema zilikuwa zimeingia kwenye karatasi za kufungia maandazi. Nililia kwenye matatu mpaka nyumbani.

Lakini lile neno, enzi si tarehe, ndilo lililotuokoa. Niliporudi nilinunua daftari kubwa, nikapita mji kwa mji kutafuta tarehe. Watu walisema hawana karatasi, nami nikakataa kuamini. Tukafungua masanduku. Kadi za kliniki za watoto. Cheti cha ubatizo kilicholiwa na mende pembeni. Kitambulisho cha marehemu kilichoandikwa kata yetu ndogo. Risiti ya mabati. Shule ya msingi walituruhusu kuangalia rejista za zamani, na humo tukawakuta baba zetu wakiwa darasa la kwanza. Kisimani, pembeni mwa mdomo wa saruji, kuna tarehe mtu aliichora kwa kidole saruji ikiwa mbichi: 14.8.1979. Tulipita pale kuteka maji kila siku na hakuna aliyekuwa akiitazama.

Na minazi! Hili ndilo ninalojivunia. Mnazi kila unapoangusha kuti unabaki na kovu shinani, na mnazi mzima huangusha karibu kuti moja kwa mwezi. Mpwa wangu ni mgema, hupanda minazi kuliko anavyotembea. Nilimpa chaki. Akapanda mnazi wa kwanza wa babu, ule wenye madaraja ya kupandia yaliyochongwa zamani, akitia alama kila kovu la kumi na kuniitia kutoka juu, nami naandika. Watoto walikaa chini wakihesabu naye. Mara mbili alipoteza hesabu akashuka kuanza upya. Alipofika kileleni tulikuwa na makovu zaidi ya mia sita. Tukamleta afisa wa kilimo akague mwenyewe, akaandika na kutia muhuri kwamba ile minazi imezidi miaka 50. Koma za wazee wetu, yale magogo ya kuchongwa ya kuwakumbuka marehemu, tulizipiga picha baada ya kuwaomba ruhusa na kumwagia tembo la mnazi kama inavyopasa.

Kesi ikafunguliwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, kwa hati ya dharura. Notisi ya siku 14 ilitusaidia sisi, kwani sheria ya ardhi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka miezi 3. Tulipewa amri ya zuio. Nakala moja nikaipeleka kituo cha polisi siku hiyohiyo, na sikuondoka kaunta mpaka nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Walinichosha saa tatu nzima.

Matingatinga yalikuja Jumamosi, korti zikiwa zimefungwa. Tulilitarajia hilo. Tulikuwa tumekubaliana: hakuna panga, hakuna jiwe, na tangu Ijumaa jioni hakuna tembo kuuzwa. Akina mama walitangulia, wakongwe wamevaa hando, ile sketi ya marinda ya asili yetu, wakatandika mikeka katikati ya njia na kuinjika sufuria za chai. Wanaume wakakaa nyuma yao, mikono juu ya magoti. Wale vijana niliogombana nao ndio waliokuwa wakirekodi kwa simu. Mama yangu alimpelekea dereva dafu. Kijana wa watu alilitazama lile dafu, akamtazama mama, akazima injini.

Afisa aliyekuwa nao akasema hana habari ya amri yoyote. Nikamwambia, "Afande, samahani, hebu tazama hapa," nikamwonyesha muhuri. Kituo chake, tarehe ya Jumanne. Alisoma taratibu, akaenda pembeni kupiga simu. Ilipofika adhuhuri hapakuwa na gari hata moja pale, na ile chai tuliimaliza wenyewe.

Hukumu ilichukua karibu miaka minne, na nauli za Malindi sikuzihesabu tena. Tulishinda. Sorovea amekwisha kupiga bikoni, yaani alama za mipaka, na hatimiliki ya mji wetu imeandikwa jina la mama, si la ndugu zangu wa kiume. Hilo nalo tulilikalia kikao usiku mzima.

Daftari bado ninalo. Wiki hii watu wa ng'ambo ya barabara wamebandikiwa notisi yao. Jumamosi nakwenda huko na mpwa wangu na chaki, na nimewatumia ujumbe wasitie sahihi chochote mpaka tufike.