Jumapili ya vitambaa vyekundu

Mwaka 2011 mgao wa umeme ulitubana vibaya. Kiwanda tulichofanyia kazi Dar es Salaam, cha kujaza soda, kilishinda kwenye jenereta, na dizeli ilikuwa ikinywewa kuliko soda zenyewe. Meneja akataka kila idara iseme itapunguza nini. Mimi, fundi mwenye mwaka mmoja kazini, nikapangwa chumba cha kompresa, mashine inayobana upepo wa kuendeshea mashine nyingine, pamoja na fundi mkuu, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu.

Nilimfuata na katalogi kwapani. Nilitaka tununue kompresa mpya, ile ambayo mota yake hupunguza mwendo upepo ukihitajika kidogo. Mzee hakuifungua.

"Njoo Jumapili, mwanangu. Uje na daftari na saa."

Jumapili laini zote zilikuwa zimezimwa. Hapakuwa na mashine hata moja inayotumia upepo. Akawasha kompresa ya kilowati 75, tangi likajaa, ikaacha kusukuma. Nikajua ndiyo imetulia. Dakika moja tu, geji ya presha imeshuka, ikaanza tena. Ikasukuma sekunde 30, ikapumzika dakika, ikasukuma. Nilihesabu mizunguko kumi. Sekunde 30 katika kila 90, maana yake theluthi ya nguvu yake.

"Nani anautumia?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee."

"Maji yakivuja utalowa. Upepo ukivuja, nani atakwambia?"

Akaizima. Ndipo nikasikia. Siku za kazi kelele za chupa humeza kila kitu, lakini kimya kile kilijaa miluzi: juu darini, chini ya meza, nyuma ya mashine ya lebo. Mzee akachanganya sabuni ya unga kwenye ndoo, akanipa brashi na ngazi. Palipotoka povu nilifunga kitambaa chekundu. Nati zilizolegea, mipira iliyopasuka, vali ya kutolea maji ambayo mtu aliiacha wazi kidogo kwa kuchoka kuifungua kila siku. Tundu la milimita 3 tu kwenye presha ya baa 7 (baa ni kipimo cha presha) hula umeme wa kilowati 3 hivi, usiku na mchana. Hadi adhuhuri nilikuwa nimefunga vitambaa 41, na kiwanda kinafanana na mbuyu wa mizimu.

Tukarudi chumba cha kompresa. Mzee akatazama geji.

"Nane na nusu. Ilikuwa saba. Nani kapandisha?"

Nilipandisha mimi. Miezi mitatu nyuma, mwendeshaji wa mashine ya kufungasha alilalamika kwamba upepo haumfikii, nami nikaona njia fupi ni kuongeza presha. Alinishukuru, nikajiona fundi. Sikujua kwamba kila baa moja ya ziada huongeza umeme kwa asilimia 6 au 7, na kwamba matundu yote 41 nayo yalikuwa yakipuliza kwa nguvu zaidi kwa hisani yangu.

Mzee hakugomba, na afadhali angegomba. Alinipeleka hadi kwenye ile mashine, akafungua filta ya upepo iliyo kabla yake. Ilikuwa nyeusi, imeziba kwa mafuta na kutu. Tukaweka nyingine, tukarudisha geji kwenye saba, na mashine ikapata upepo wake wote.

Ilituchukua Jumapili tatu kuvua vitambaa, maana mipira mingine ilibidi isubiri kununuliwa. Tulipopima tena, kompresa ilisukuma sekunde 22, kisha ikakaa zaidi ya dakika tatu.

Meneja alikuja na mhasibu. Akauliza tumenunua nini.

"Mipira, tepu za bomba, filta moja na sabuni," Mzee alisema.

"Na kwa nini presha ilikuwa juu?"

Mzee akachukua kitambaa, akafuta kioo cha geji taratibu, kama anayetafuta uchafu ambao haupo. "Ilipanda, bosi," akasema. "Tumeishusha."