Gobori, mizani na mtutu uliopoa

Leo sikuongeza baruti hata punje. Kipimo kilibaki kilekile tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa utosini, na nilichobadilisha ni saboti peke yake, yaani kile kikombe cha plastiki kinachoishika risasi ikae sawasawa ndani ya mtutu. Saboti ya kwanza ilitawanya matundu hadi karibu sentimita 8 kwenye shabaha ya mita 100. Ya pili, yenye kuta nene kidogo, ikayakusanya chini ya sentimita 3. Baruti ileile, risasi zilezile, fataki, yaani viwashio vya baruti, za pakiti moja.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu jambo hili nimekuwa nikilishuku kwa muda mrefu. Gobori likitawanya, wengi tunakimbilia mizani: ongeza kidogo, punguza kidogo, labda litatulia. Mara nyingi tatizo haliko kwenye uzito wa baruti. Liko kwenye namna risasi inavyoshikwa.

Katika bunduki ya kisasa, ganda na chumba chake vimeshaamua risasi ikae wapi na ibanwe kwa nguvu gani. Kwenye gobori anayeamua ni mkono wa mpigaji. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaisukuma saboti na risasi yake kwa mdeki mpaka chini, na ule ugumu unaousikia mkononi unaposhindilia ndio utakaoikabili baruti itakapowaka. Baruti nyeusi inavumilia. Risasi ikiwa legevu kidogo bado inawaka vizuri. Baruti isiyo na moshi, ambayo ndiyo ninayotumia mimi na msingi wake ni nitroselulosi, inataka kubanwa. Kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyowaka upesi, na kadiri inavyowaka upesi ndivyo shinikizo linavyozidi kupanda. Saboti ikiwa legevu, mwanzo wa mwako huwa hafifu kwa risasi moja na mkali kwa inayofuata. Kasi inayumba, na wakati mwingine fataki inalia lakini moto unachelewa. Hilo likitokea, mdomo wa bunduki unabaki umeelekea shabaha kwa dakika nzima au zaidi, na hakuna anayesogea mbele.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni kutafuta ubanaji kwanza. Nataka mdeki uteremke kwa uzito wa mikono miwili, ukisukumwa mfululizo, bila kugongwa na bila kuteleza wenyewe. Juu ya mdeki nimechora alama mbili: moja inaonyesha mtutu mtupu, nyingine inaonyesha mtutu uliojazwa sawasawa. Alama ya pili ikikaa juu ya mahali pake, sipigi. Ama risasi haijafika kwenye baruti na kumebaki nafasi katikati, ama kuna baruti iliyomiminwa mara mbili, na vyote viwili vinaweza kupasua mtutu.

Hapa lazima niseme wazi kwa yeyote anayesoma. Gobori lililotengenezwa kwa baruti nyeusi halipewi baruti isiyo na moshi, hata kwa kiasi kidogo, hata kwa kuchanganya. Chuma chake na kizibo chake cha nyuma havikukusudiwa shinikizo hilo, na watu wamepoteza vidole, macho na maisha. Hata upimaji wenyewe ni tofauti. Baruti nyeusi imezoeleka kupimwa kwa ujazo, kwa kile kibomba chenye mistari. Baruti isiyo na moshi hupimwa kwa uzito, kwenye mizani, kwa vipimo vya greni. Greni moja ni kama gramu 0.065, na mizani yangu inasoma sehemu ya kumi ya hapo. Anayejaza baruti hii kwa kibomba cha ujazo anacheza na mauti. Ndiyo maana siandiki hapa uzito ninaotumia. Mipaka ya bunduki yako iko kwenye kitabu cha aliyeitengeneza, na kipimo changu hakikuhusu.

Inanishangaza ndoa hii ya gobori na baruti isiyo na moshi ilivyochelewa. Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi iliyofaa kwa bunduki huko Ufaransa mwaka 1884. Magobori yakabaki na baruti nyeusi kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, mpaka Henry Ball wa North Carolina, Marekani, alipobuni muundo ambao kampuni ya bunduki ya Savage iliuingiza kiwandani kwa jina la 10ML, kisha 10ML-II. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2010. Lilikuwa gobori lililojengwa tangu mwanzo kwa baruti hii, likiwashwa kwa fataki ya 209, ileile ya risasi za shotgani.

Kinachonivuta mimi si kasi, ingawa kasi ipo. Ni usafi wa mtutu. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa masizi na chumvi, ndiyo maana wapigaji wake hupitisha kitambaa kila baada ya risasi moja. Kitambaa kikiwa na unyevu kidogo zaidi, risasi inayofuata inakutana na mtutu mwingine kabisa. Kwa baruti isiyo na moshi mabaki ni machache, na ninaweza kujaza tena bila kufuta. Risasi ya pili inaikuta hali ileile iliyoikuta ya kwanza. Kwa mtu anayetafuta matundu yanayogusana, hilo ni zawadi kubwa.

Lakini kuna deni moja, nalo ni joto. Plastiki ya saboti hulainika. Mtutu ukiwa wa moto, saboti iliyoingia kwa ugumu mzuri asubuhi itateremka kama imepakwa mafuta, na matundu yataanza kutoka nje ya kundi bila sababu inayoonekana. Jirani wa benchi la pembeni aliniuliza leo mbona nakaa muda wote huo bila kupiga. Nilimwambia nasubiri chuma. Nimebandika utepe wa kupimia joto karibu na kizibo cha nyuma, na sijazi mpaka usome sawa na hewa ya nje. Bunduki naisimamisha kivulini, mdomo juu, kizibo kikiwa kimetolewa ili hewa ipite. Inachosha, naam. Ila mwindaji anapiga risasi moja tu, ya mtutu baridi, na sioni maana ya kupima kitu ambacho porini hakitatokea. Kila tundu kwenye karatasi yangu ni la mtutu uliopoa.

Jambo la pili ninalolishikilia ni kutodanganywa na matundu matatu. Matatu yakigusana, moyo unataka kufunga daftari na kwenda nyumbani. Hesabu haikubali. Kwa bunduki ileile na kipimo kilekile cha baruti, kundi la risasi 5 kwa wastani huwa pana kwa zaidi ya robo kuliko la risasi 3, na la risasi 10 huwa pana kwa zaidi ya nusu. Hakuna kilichoharibika, risasi chache zimeonyesha kipande tu cha ukweli. Kwa hiyo nachora nukta ya kulenga kwenye karatasi nyembamba, napiga matatu leo, matatu siku nyingine, kisha nazipandanisha karatasi dhidi ya mwanga nikiwa nimelinganisha zile nukta. Saboti nene ya leo nimeshaipandanisha na karatasi ya safari iliyopita, na bado kundi limebaki dogo. Hapo ndipo nilipoanza kuamini.

Kronografu, chombo cha kupima kasi ya risasi, nayo iliniambia kitu ambacho karatasi isingeweza. Kwa saboti legevu, tofauti kati ya risasi ya polepole na ya haraka ilipita mita 20 kwa sekunde. Kwa saboti nene ilishuka chini ya 8. Sasa, kwenye mita 100 tofauti ya mita 20 kwa sekunde haishushi risasi hata sentimita moja, kama kasi ni kati ya mita 680 na 700. Kwa hiyo ule mtawanyiko wa sentimita 8 haukutokana na kasi pekee. Naamini risasi ilikuwa ikitoka mdomoni imeinama, kwa sababu saboti haikuikamata katikati ya mtutu. Ukisogea mpaka mita 200 hadithi inabadilika, maana tofauti hiyohiyo ya kasi inafika karibu sentimita 3 za juu na chini. Yaani mita 100 inaficha dhambi za kasi, na anayechagua kipimo cha baruti kwa karatasi ya mita 100 peke yake amepima nusu ya kazi.

Upepo sikuuhesabu leo. Ulikuwa mdogo na wa kutoka nyuma.

Kitu kingine cha kuandika kabla sijasahau: lile tundu dogo kwenye kizibo, linalopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti. Gesi ya moto inalila taratibu kila risasi. Likipanuka, shinikizo zaidi linarudi nyuma, fataki inatoka imechafuka kwa masizi, na kasi inaanza kuyumba hata kama kila kitu kingine ni sawa. Nalipima kwa vijiti vya chuma vyenye unene unaojulikana: kijiti kinachotakiwa kukataa kikiingia, kipande chenye tundu hilo kinabadilishwa. Leo kijiti kilikataa, lakini kwa shingo upande. Nitaweka kipya kabla ya kwenda tena, kisha nitarudia saboti nene kwa kipimo hikihiki kwenye mita 100, nione kama kipande kipya kimehamisha kundi. Likibaki mahali pake, karatasi inahamia mita 200.

Uzito wa baruti hauguswi mpaka hapo.